Radhi ya Justa

Dunstan alifika Chilangala saa nne asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Pikipiki ilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye taa, na suruali aliyopigiwa pasi na mama yake kule Mkomaindo, Masasi, ilikuwa haitamaniki, lakini mwenyewe alikuwa anapiga mluzi. Wiki mbili nzima alikuwa hajapiga mluzi. Wiki mbili alikuwa halali, chakula hakipiti kooni, na wanafunzi wake wa sekondari pale Masasi walikuwa wanamuuliza hili yeye anajibu lile. Leo alikuwa amepanda mlima kumwambia Sia kwamba mambo yamekwisha, na kwamba ile fomu ya uhamisho aichane.

Mwacheni apige mluzi. Hakujua.

Sia alikuwa barazani kwenye nyumba za walimu, amekaa juu ya mkeka, anamenya mihogo. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na juu amevaa fulana ya michezo iliyopauka, ile ambayo Dunstan alikuwa akiiota. Macho yao yalikutana mara moja tu, kisha Sia akayarudisha kwenye kisu. Mara moja hiyo ilitosha kumkausha Dunstan mluzi mdomoni.

"Karibu," alisema Sia, kwa sauti ambayo walimu huwakaribishia wakaguzi. "Habari za huko chini?"

Dunstan akajibu kuwa za chini ni njema, akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka. Hakumsogelea. Kuna umbali ambao mwanamke anauweka bila kusema neno, na mwanamume mwenye akili anaupima kwa macho.

Inabidi nieleze yaliyotokea, maana bila hivyo mtamwona Sia ana roho ngumu, na sivyo alivyo. Sia ni mtu wa Rombo. Alipangiwa kufundisha Chilangala miaka mitatu iliyopita, akafika na begi moja na blanketi zito ambalo watu walilicheka mpaka ukungu wa Newala ulipowanyamazisha. Shuleni alikuta kipindi cha michezo ni cha wavulana. Wasichana kazi yao ilikuwa kufagia uwanja, halafu wanakaa pembeni kutazama. Mwalimu mwingine angechukua fimbo akawaingiza uwanjani. Sia aliwakalisha kwenye nyasi akawauliza kwa nini hawachezi, kisha akanyamaza akasubiri. Siku ya kwanza hakujibu mtu. Siku ya tatu mmoja akasema wakidondosha mpira wanachekwa. Mwingine akasema sketi inapepea. Wa tatu, kwa sauti ya chini kabisa, akasema mwalimu aliyekuwepo zamani alikuwa anafoka, na yeye akifokewa mikono inakufa ganzi.

Basi Sia akayachukua majibu yale, akayafanya ndiyo mafunzo. Zikashonwa bukta za kuvaa ndani ya sketi. Wasichana wakatunga sheria zao wenyewe za mpira wa pete, na ya kwanza ilikuwa kwamba anayedondosha mpira hachekwi wala hafokewi, anaokota mchezo unaendelea. Kila mtoto anaingia kucheza, hodari na asiye hodari. Na kila jioni, kabla ya kuachana, wanakaa duara Sia anawauliza: leo nini kimekufurahisha? Walianza watano, wakafika kumi na sita, na vicheko vyao viliwafanya wazazi waliotoka shamba wasimame na majembe begani kutazama.

Huko ndiko Dunstan alikompendea. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo, na timu yake ya mpira wa miguu pale Masasi ilikuwa na vikombe mpaka kabati limejaa, vikombe vya kufokeana. Siku ya kwanza alikuja Chilangala kama mwamuzi tu. Akamwona mwalimu mmoja wa kike amepiga goti anamfunga mtoto kamba ya kiatu, huku anamuuliza: "Leo unataka kucheza wapi?" Dunstan alicheka kimoyomoyo. Kocha gani anamuuliza mchezaji anataka kucheza wapi? Lakini alipokuwa anateremka jioni ile kurudi Masasi, aligundua kuwa amefika nusu ya njia bila kukumbuka kona hata moja. Tangu hapo kila Jumamosi alipanda. Mwaka mzima alipanda, jua na mvua, na Sia alimpokea kama msaidizi kwanza, kisha kama rafiki, kisha mnajua wenyewe.

Likizo ya Desemba wasichana kadhaa wakaingia unyagoni. Mmoja wao ni huyu Justa, mwenye miaka kumi na mitatu, anayelelewa na bibi yake, Bibi Somoe. Na kwa watu wa huku, mtoto akishatoka unyagoni anatoka na jina jipya. Lile la utotoni limekwisha. Kumwita nalo mbele za watu ni tusi, tena tusi la kutafutiwa wazee. Justa alitoka akiwa Justa. La zamani sitaliandika hapa, maana na mimi nina adabu zangu.

Jumamosi ya kwanza ya Februari wasichana wa Chilangala walicheza na shule moja ya Newala mjini. Wazazi wamejaa, matokeo yamelingana, zimebaki dakika mbili. Mpira ukaja kwa Justa, ukamponyoka. Ukarudi tena kwake, ukamponyoka tena. Na Dunstan, aliyekuwa amesimama kwenye mstari, akasahau yuko wapi. Damu ya vikombe ikampanda kichwani. Alimfokea kwa lile jina la utotoni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akamalizia kwamba ana mikono ya mlenda.

Uwanja mzima ulicheka. Kisha, watu walipogundua ni jina gani limeitwa, wote wakanyamaza. Justa aliuweka mpira chini taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji, akatoka uwanjani, akaenda nyumbani. Jumatatu waliokuja mazoezini walikuwa wanne. Wiki iliyofuata wawili, nao walikaa tu.

Na Dunstan hakuwa na pa kujifichia. Angekuwa mgeni wa mila, tungesema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini yeye ni mtoto wa Masasi. Familia yao ni ya kanisa tangu enzi za babu zao, na bado alipotoka jandoni alipewa jina, na hilo Dunstan ndilo jina lenyewe. Alijua kabisa.

Siku ile ile ya mechi Sia alimwambia maneno machache. Kuna mwalimu mmoja wa Moshi, mzaliwa wa Tandahimba, alikuwa anatafuta wa kubadilishana naye kituo ili arudi kwao. Sia alikuwa amemkatalia mara mbili, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya Dunstan. Sasa alisema atafikiri upya. Juzi Alhamisi akamtumia ujumbe kwamba ameshafikiri, na kwamba Jumatatu anatia saini.

Ndiyo maana Dunstan alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu, akiamini ameokoa jahazi.

Alianza kueleza. Akasema amekwenda kwa Bibi Somoe na jogoo na doti ya kanga, amepiga magoti, bibi amepokea. Amekwenda kwa kungwi aliyewalea wali wale unyagoni, naye amepokea, ingawa alimsema saa nzima. Amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Amekwenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Muharami, ambaye ndiye aliyemwelekeza nani aanzwe na nani afuatwe, na jana jioni Mwalimu Muharami amempigia simu kumwambia kwamba kwa upande wa kijiji hakuna tena neno. Alieleza yote hayo kwa mpangilio, bila kuruka mtu, na alipomaliza alimtazama Sia kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Sia aliuweka muhogo kwenye sufuria ya maji. Akaufuta mkono kwenye kanga.

"Na Justa amesemaje?"

"Justa?"

"Ndiyo. Justa."

"Bibi yake amesema yameisha."

"Bibi yake hakufokewa, Dunstan."

Jogoo wa jirani aliwika, na hakuna aliyemshukuru. Dunstan alitazama mikono yake. Wiki mbili amezunguka Chilangala yote, ametoa mkono kwa kila mwenye mvi, na mtoto mwenyewe amempita mara tatu uani kwa Bibi Somoe akielekea kwenye mazungumzo ya wakubwa. Mara ya mwisho Justa alikuwa anatwanga. Alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusimama.

"Nilifuata mila," alisema polepole.

"Umefanya vizuri kuifuata. Sikukatazi." Sia sasa alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa na maji. "Unadhani mimi nimekasirika kwa sababu ya jina? Jina lilimuumiza Justa, na hilo ni lake. Mimi nilikasirika kwa jambo jingine, na sijakwambia kwa sababu naona aibu."

"Niambie."

"Ile sauti." Akakiweka kisu chini. "Niliisikia ile sauti nikawaza: ndiyo sauti ambayo watoto wangu wataamka nayo asubuhi. Mtoto wangu atamwaga chai, na hiyo ndiyo itakayomwendea. Nakupenda, Dunstan. Nakupenda mpaka naogopa. Mama yangu kila akipiga simu ananiuliza narudi lini, na mimi namdanganya kuwa uhamisho ni mgumu. Lakini siwezi kuolewa na ile sauti."

Mwanamume anaweza kusikia neno 'nakupenda' na lisimpe raha hata kidogo. Dunstan alilisikia namna hiyo. Alikumbuka mambo mengi kwa mpigo. Alikumbuka kocha wake mwenyewe wa shule ya msingi, aliyekuwa anawafukuza uwanjani na bakora, na jinsi alivyoapa kuwa yeye hatakuwa hivyo, kisha akawa hivyo bila bakora. Alimkumbuka mama yake pia. Mama Mabel alikuwa na maneno yake kuhusu Sia na hakuwa na haja ya kuyaficha: kwamba binti wa Rombo atamfanya mwanawe amalize Krismasi zote njiani, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na kwamba mwanamke anayekimbia na watoto uwanjani hajatulia. Dunstan alikuwa amemtetea Sia kwa mama yake mwaka mzima. Kumbe mwenye dosari hakuwa Sia, ni yeye mwenyewe.

Alisimama. Akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Sia.

"Kwa Justa. Kama utapenda, twende wote. Kama hutapenda, nitaelewa."

Sia aliifunika mihogo na sinia, akachukua kanga ya pili.

Walitembea kwa miguu, kwa sababu kwa Bibi Somoe si mbali, na kwa sababu pikipiki ingetangaza. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia, mikorosho imejaa majani mabichi pande zote mbili. Dunstan alikuwa anapanga hotuba kichwani, na ilikuwa hotuba nzuri kweli, yenye mwanzo na mwisho, inayoeleza presha ya dakika za mwisho na mapenzi yake kwa timu. Aliipanga ikakamilika hatua chache kabla ya kufika.

Bibi Somoe alikuwa uani anapepeta mahindi. Ni bibi mwembamba, mwenye ndonya ya zamani, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, na sauti kubwa kuliko mwili. Dunstan akamwamkia, akaitikiwa, na bibi akauliza kama kuna jogoo mwingine. Dunstan akasema leo hakuja na kitu. Amekuja kuomba ruhusa aongee na Justa, bibi mwenyewe akiwepo.

Ungo ulisimama. Bibi Somoe alimtazama, kisha akamtazama Sia, kisha akatabasamu upande mmoja.

"Nilikuwa najiuliza utachukua wiki ngapi," alisema. "Mimi kanga nimevaa, jogoo nimekula, nimesamehe. Lakini mwenye jambo yuko kule nyuma anaosha vyombo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwalimu."

Aliita. Justa akaja akipangusa mikono, msichana mrefu, kichwani amejifunga kitambaa cha bluu kama wanawake wakubwa wanavyofunga. Alimwona Dunstan, miguu ikasita. Alimwamkia kwa adabu na kutazama chini.

Dunstan alichuchumaa. Hakukaa kwenye kigoda alichosukumiwa. Alichuchumaa mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha Justa, na hapo ile hotuba yote ikampotea.

"Justa," alisema, na jina hilo alilitamka kama mtu anayebeba yai. "Nilikuita kwa jina ambalo si lako tena, mbele za watu. Nilijua si lako. Nikakufokea, na mlikuwa na sheria ya kutofokeana, mliyoitunga wenyewe. Nimeomba radhi kwa kila mtu hapa kijijini, wewe nikakupita. Nimekuja kukuomba wewe."

Justa alikuwa anachora mstari ardhini kwa kidole cha mguu. Dunstan alitaka kuongeza neno. Akamtazama Sia, na Sia alikuwa ametulia tuli, anasubiri, kama alivyosubiri siku zile tatu kwenye nyasi. Na yeye akasubiri. Magoti yalianza kumuuma.

"Uliposema mikono ya mlenda," Justa alisema mwishowe, "walicheka wote. Hata Grace alicheka. Grace ni rafiki yangu."

"Ndiyo."

"Hata sasa wakiniona kisimani wananiita Mlenda."

Dunstan hakulijua hilo. Lilimwingia kifuani likakaa. Alisema kwamba amesikia, na kwamba kosa ni lake, si la mikono.

Justa akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulipokuwa mdogo uliitwa nani?"

Bibi Somoe alikohoa. Swali kama hilo mtu mzima hamuulizi mtu mzima mwenzake, na Justa alijua, na aliuliza makusudi huku kidevu kimeinuka. Dunstan alisikia masikio yake yakipata moto. Lile jina mara ya mwisho alilisikia ana miaka kumi na moja. Ndugu zake hawathubutu kulitaja. Sia, anayemjua kuliko wote, hajawahi kulisikia. Angeweza kucheka akasema hayo ni ya zamani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akalitaja. Mbele ya bibi, mbele ya Sia, kwa sauti ya kawaida.

Bibi Somoe aliziba mdomo kwa kanga. Lilikuwa jina la kuchekesha kweli, na hilo nalo halitoki kwangu. Justa alijizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akashika tumbo. Kicheko kile ndicho kilichokuwa kikiwasimamisha wazazi na majembe begani. Chilangala ilikuwa haijakisikia wiki mbili.

Alipomaliza alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sitakuita hivyo," alisema. "Si vizuri."

Dunstan aliitikia kwa kichwa.

"Nitarudi kucheza," Justa akaendelea. "Nitawaambia na wenzangu. Lakini wewe usije uwanjani."

"Wewe Justa," bibi alianza, na Dunstan akainua mkono kumwomba amwache aseme.

"Nikikuona pale kwenye mstari mikono itaogopa. Labda baadaye. Nikiwa tayari nitamwambia Mwalimu Sia."

Jumamosi. Hilo ndilo alilokuwa anaombwa, ingawa mtoto hakujua anaomba nini. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake na Sia, uwanjani ndiko walikoonana, ndiko walikopendana, na katikati ya wiki kila mmoja ana vipindi vyake, huyu juu na yule chini. Alihesabu yote hayo palepale alipochuchumaa.

"Sawa," alisema. "Sitakuja mpaka uniite."

Waliporudi walipita njia ile ile. Walipofika mahali mikorosho inapowafunika, Sia alisimama.

"Umekubali haraka."

"Alisema mikono itaogopa."

"Ungeweza kujitetea kidogo."

"Nilitaka," alisema Dunstan. "Nilikuwa na hotuba nzima, Sia. Nilitaka sana."

Sia akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta, akacheka tena, na akalitaja lile jina la utotoni taratibu, mara moja tu, kulionja. Kisha akasema hatalirudia tena maisha yake yote. Akasogea, akaanza kumtoa tope lililokauka kwenye kola ya shati, akilikwangua kwa kucha polepole. Dunstan alisimama kama mti. Aliogopa akipumua vibaya Sia ataondoka.

"Jumatatu wakija," alisema Sia, bado anashughulika na kola, "nitajua la kufanya na ile fomu."

"Na wasipokuja?"

"Wasipokuja, bado leo umechuchumaa. Nimekuona. Hilo nalo nitalifikiria."

Alimpa mihogo ya kuchemsha na chai, wakala, na saa nane Dunstan akawasha pikipiki akateremka.

Jumatatu saa kumi alasiri alikuwa darasani Masasi, simu iko juu ya meza, na anawafundisha watoto wa watu bila kujua anafundisha nini. Saa kumi na mbili ujumbe ukaingia. Justa alifika wa kwanza. Nyuma yake Grace, akiwa ameshikwa mkono. Wote pamoja tisa. Mwalimu wa Moshi amepigiwa simu, ameombwa radhi, ameambiwa atafute mwingine. Chini kabisa Sia alikuwa ameandika neno moja: Sihami. Dunstan alilisoma mpaka kioo cha simu kikazima, akakiwasha akalisoma tena.

Jumamosi ilipofika hakupanda. Mama Mabel alishangaa kumwona nyumbani, amekaa kibarazani Mkomaindo na shati safi, pikipiki imeegeshwa. Alimzunguka kwanza na ufagio. Kisha akamuuliza kama yule binti wa Rombo hatimaye amemchoka. Dunstan akamweleza yote, hata lile swali la Justa na jibu alilotoa. Mama yake aliacha kufagia.

"Ulilitaja?" alisema. "Mbele za watu?"

"Nililitaja, mama."

Mama Mabel ndiye aliyempa jina hilo akiwa mchanga, na ndiye wa kwanza kuliacha alipotoka jandoni. Alikwenda ndani, akarudi na kigoda, akakaa karibu na mwanawe, jambo ambalo alikuwa halifanyi mchana wa kazi.

Saa kumi na nusu simu ikalia. Dunstan aliipokea, akaita jina la Sia, hakujibiwa. Alichosikia ni upepo. Kisha nyayo, filimbi, na kelele za wasichana wengi kwa pamoja, mtu anaitwa, mtu anashangiliwa. Sia alikuwa amepiga simu akaishika mkononi tu, ameielekeza uwanjani. Dunstan akaibana simu sikioni.

"Unaongea na nani?" aliuliza mama yake.

"Siongei, mama. Nasikiliza."

Akaweka sauti ya nje. Wakasikiliza wote wawili, mama na mwana, vichwa vimeinama juu ya simu. Kila mara kicheko kilipopanda Mama Mabel aliuliza ni nani huyo, na Dunstan alisema hajui. Baadaye mama akasema, akitazama pembeni, kwamba watoto wa shule wanaocheka namna hiyo mwalimu wao hawezi kuwa mtu mbaya, na kwamba Sia siku akishuka Masasi asipite bila kufika kwake.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Ikasikika sauti ikikaribia, inahema.

"Mwalimu Sia, hiyo simu unaongea na nani?"

"Na mtu."

"Ni yule?"

"Ndiye," alisema Sia.

Dunstan akaisogelea simu. Mama yake alimshika goti.

"Mwambie leo nimedondosha mara nne," ilisema sauti ya Justa, kwa fahari, kama mtu anayetangaza mabao. "Mara nne, na nimecheza mpaka mwisho."

Dunstan alikuwa na la kujibu. Lilikuwa limemjaa mdomoni. Lakini alikuwa bado hajaitwa, kwa hiyo aliishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza, akaacha machozi yashuke mbele ya mama yake.